Kadi ya Mama Mdogo

Mvua ya mchana ilinyesha polepole juu ya paa la wodi ya wanawake. Mshona nguo alikaa kando ya kitanda cha mama yake. Saa kama hizi angekuwa anakanyaga cherehani. Hapa hakuwa na la kushona, basi vidole vyake vilikunja na kukunjua pindo la shuka. Pazia la kijani lilijaa upepo, likanywea, likajaa tena.

Mama alikuwa na homa ya mapafu. Alikohoa, akatabasamu, akazungumza na watu ambao hawakuwepo.

"Fungua dirisha, ndege waingie," alisema.

"Liko wazi, mama."

"Basi mbona hawaingii?"

Mshona nguo alicheka kidogo. Kisha machozi yakamlengalenga.

Asubuhi walikuta foleni ndefu mapokezi. Kadi ya hospitali ya mama ilipotea walipohama nyumba, na kupata nyingine kulitaka foleni nyingine. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, alichomoa kadi yake mwenyewe mkobani.

"Chukueni yangu," alisema. "Si mtu na dada yake? Damu ni moja."

Kadi ikakubali. Mama akapata kitanda kwa jina la mdogo wake. Wakapongezana kwa ujanja wao.

Baadaye daktari alikuja akisukuma kigari chenye kompyuta. Hakuandika dawa kwenye karatasi. Aliichagua humo humo kwenye kompyuta.

"Siku hizi oda zote za dawa zinapita humu," alieleza. "Nikibonyeza, mfamasia anaiona papo hapo. Hakuna karatasi ya kupotea njiani, wala mwandiko wa kukisia."

Akamwinamia mama. "Humu naona hakuna dawa inayokudhuru. Ni kweli?"

Mama akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo angeitikia lolote.

Mshona nguo alitaka kusema kitu. Kulikuwa na jambo la zamani, sindano fulani. Lakini lilitokea hospitali hii hii. Wao wenyewe wanajua, alijiambia. Akaendelea kukunja pindo la shuka.

Sasa mvua ilimbembeleza, akasinzia. Akaota anamshonea mama gauni la buluu. Kila alipopiga mshono, gauni liliongezeka. Likafunika cherehani, likajaza chumba.

"Mwanangu, ulinipima mimi?" mama aliuliza kutoka ndani ya kitambaa.

Alipapasa mpaka akampata. Uso wa mama ulikuwa umevimba, macho hayaonekani, kama siku ile ya zamani baada ya sindano. Akashtuka usingizini.

Muuguzi alikuwa amesimama mbele yake. Sindano ilikuwa tayari kwenye trei, lakini hakuwa ameigusa. Aliitazama kompyuta, akamtazama mama, akairudia kompyuta.

"Samahani, dada," alisema. "Humu naona mama ana kilo tisini. Tena anatumia dawa za presha, na kompyuta inaniuliza kama amezinywa leo. Mbona huyu hafiki hata sitini?"

Mama mdogo alikuwa mdogo kwa kuzaliwa tu. Kwa mwili, alijaza mlango.

Mshona nguo aliingiwa na hofu. Akisema ukweli, je, watamtoa mama kitandani? Watamrudisha kwenye foleni na kifua kile? Akautazama uso wa mama. Ulikuwa mwembamba, umetulia, bado haujavimba.

"Sista, usimchome!" Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Kadi ni ya mama mdogo. Huyu ni mama yangu. Kuna sindano iliwahi kumvimbisha uso, mimi nikiwa mtoto."

Muuguzi hakufoka. Alisogeza trei mbali.

"Mama hatoki hapa," alisema. "Nipe jina lake na mwaka aliozaliwa."

Faili za zamani zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta. Ukurasa wa mama ukatokea. Daktari akaitwa. Alifuta oda kwenye ukurasa wa mama mdogo, akaiweka upya kwenye ukurasa wa mama. Papo hapo kioo cha kompyuta kikawa chekundu. Muuguzi akasoma kwa sauti ya chini:

"Simama. Penisilini humdhuru mgonjwa huyu. Alivimba uso, akakosa pumzi."

Dawa iliyokuwa kwenye trei ilikuwa ya jamii hiyo hiyo.

"Angekufa?" mshona nguo aliuliza.

"Angeweza," daktari alisema. Akachagua dawa nyingine, isiyo ya jamii ile. Safari hii kompyuta haikukataa.

Muuguzi akavuta kiti, akaketi naye.

"Kompyuta hii haina uchawi, dada. Haimwoni mama. Inajua tulichoiambia tu. Kazi yako nini?"

"Nashona nguo."

"Ungemshonea mama kwa vipimo vya mama mdogo?"

Mshona nguo alilitazama pazia la kijani. "Nimetoka kumshonea sasa hivi," alisema.

Muuguzi hakumwelewa, lakini aliendelea kwa upole. "Kila mtu aje kwa jina lake. Kadi ikipotea, semeni imepotea, tutawatafuta kwa jina. Na kama kuna dawa inayomdhuru mgonjwa, itajeni hata mkidhani tunaijua. Sisi pia tunasahau."

Tangu hapo, kabla ya kila dawa, muuguzi aliuliza, "Jina lako nani, mama?" Mwanzoni mama alijibu kwa kunong'ona, katikati ya ndege wake. Kisha homa ikashuka, ndege wakaondoka, na sauti ikarudi. Siku moja alijibu mpaka wodi nzima ikasikia: jina lake, jina la baba yake, na mwaka aliozaliwa.

Mama mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Alisimama pale mlangoni akisikiliza, machozi yakimtoka.

"Dada," alisema, "nirudishie kadi yangu."

"Chukua," mama alijibu. "Nimechoka kubeba kilo zako."