Majibu ya Kisima cha Martha

Katika mtaa wetu, kata ya Singe, Babati, asubuhi huanza kwa mlio wa ndoo. Kaya ishirini na mbili huchota maji kwenye kisima cha Mzee Heriel. Alikichimba mwaka aliofiwa na mkewe, Martha, ambaye maisha yake yote alibeba maji kutoka mbali. Hamtozi mtu hata senti. Watu wanakiita Kisima cha Martha, na mzee akisikia jina hilo hufurahi kimya kimya.

Mwezi wa tatu walikuja wapimaji kutoka ofisi moja ya mjini. Walijaza maji kwenye chupa. Wakaandika namba 27 kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa kisima, wakaondoka.

Sisi watu wa Babati tunaijua rangi nyekundu. Nyumba ikipigwa X, inavunjwa. Hii haikuwa X. Basi tukafurahi.

"Kisima kimepigwa namba," Mzee Heriel alitutangazia. "Maana yake kimepita."

Nani angembishia? Hata wachache waliokuwa wakichemsha maji waliacha. Mkaa wenyewe bei juu. Mariamu, jirani wa mzee, aliacha. Romana, binti wa mzee, naye aliacha.

Mwezi wa tano, Mujahid, mtoto wa Mariamu, aliharisha siku tatu akafa. Alikuwa na miezi kumi na minne. Mtaa mzima tulizika, tukalia, tukasema ni mapenzi ya Mungu. Kesho yake ndoo zikateremshwa kisimani kama kawaida.

Mwezi wa kumi na moja, Blessing, mtoto wa Romana, aliharisha damu. Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo. Hospitalini alitundikiwa dripu. Devota, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, alikwenda kumwangalia.

"Pole, Mama Blessing. Maji ya kunywa mnachemsha?"

"Hapana, dada. Maji yetu yamepimwa. Kisima kina namba."

"Namba ni ya kukitambua tu, kama namba ya nyumba. Haisemi kama maji ni mazuri au mabaya. Majibu mliyaona?"

"Majibu gani?"

"Kesho twende tukayaulize," Devota alisema.

Kesho yake Mzee Heriel alibaki na mjukuu, Romana na Devota wakaenda kwenye ofisi ile ya mjini. Karani aliuliza namba ya kisima, akafungua kompyuta. Hata dakika moja haikupita.

"Namba 27. Hii hapa. Maji yana vijidudu vya kinyesi. Yasinywewe bila kuchemshwa."

"Majibu haya yalitoka lini?" Romana aliuliza.

"Mwezi wa nne."

"Mbona hamkutuambia?"

"Mama, orodha hii si siri. Mwananchi yeyote akija anapewa. Hakuna aliyekuja kuuliza."

Romana alipandisha sauti. "Ningeulizaje kitu ambacho sijui kama kipo?"

Mimi ninayeandika ninachojua ni kwamba majibu yakikaa kwenye kompyuta, hayamsaidii mtoto anayekunywa maji. Devota aliomba orodha ya visima vyote vya kata. Ikachapwa. Ilikuwa karatasi mbili tu.

Blessing alipona, namshukuru Mungu. Siku aliyorudi nyumbani, Romana alimwonyesha baba yake zile karatasi. Mzee alizisoma mwenyewe, akifuata herufi kwa kidole, maana kusoma alijifunza ukubwani.

"Baba, tuwaambie majirani taratibu, mmoja mmoja," Romana alisema. "Kisima kina jina la mama."

"Hapana. Niliwaambia mbele ya watu kwamba kimepita. Nitawaambia ukweli mbele ya watu."

Jumamosi mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano. Mzee Heriel alisimama, akasoma mstari wa namba 27 neno kwa neno. Alipofika mwisho, akausoma tena.

Mariamu aliinuka.

"Mwanangu alikufa mwezi wa tano," alisema. "Majibu yalitoka mwezi wa nne. Sijui kama ni maji haya, na sitajua kamwe. Lakini ningeambiwa, ningechemsha."

Mzee alivua kofia. "Nisamehe, Mama Mujahid. Nilisema nisichokijua."

Mariamu alimgeukia mwenyekiti. "Karatasi hizo zibandikwe hapa kwenye ubao wa matangazo. Kila majibu mapya yakitoka, yaletwe, yabandikwe. Na yasomwe mkutanoni, ili asiyejua kusoma naye asikie."

Wote tulinyoosha mikono.

Siku hiyo hiyo Devota alipima kwa hatua kutoka choo cha mzee hadi kisimani. Hatua kumi na mbili, tena choo kiko juu ya mteremko. "Mvua ikinyesha, uchafu unashuka humu," alieleza. Choo kikafukiwa, kikachimbwa kingine mbali, upande wa chini. Kisima kikatiwa dawa, kikajengewa mfuniko. Kila nyumba ikaanza kuchemsha maji mpaka yatokote, na kuyaweka kwenye chombo safi chenye kifuniko. Yule karani naye, lazima niseme, alianza kuleta majibu mwenyewe kwa bodaboda.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata wapimaji walirudi. Safari hii tuliwauliza majibu yatatoka lini, wakatutajia siku. Siku hiyo yakabandikwa.

Tangu mkutano ule Mariamu hakuwa amekanyaga kwa Mzee Heriel. Alichota maji mtaa wa pili. Asubuhi hiyo alikuja na ndoo yake, akapita kwanza kwenye ubao. Alisoma kuanzia namba ya kwanza, bila haraka, mpaka akaifikia ya 27. Palikuwa pameandikwa: Salama. Kupimwa tena mwezi wa tisa.

Mzee Heriel alikuwa amesimama kando ya kisima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Mujahid."

"Nimeyasoma majibu. Hata hivyo nitachemsha."

"Chemsha, mwanangu," mzee alisema, akamfunulia kisima.

Mariamu akateremsha ndoo.