Nafasi ya Besi

Haya sikuhadithiwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nimekaa kwenye karakana ya Fundi Makochi, iliyopakana na nyumba yake, nikisubiri kochi langu la watu watatu, ambalo aliahidi kulimaliza Jumatatu bila kusema Jumatatu ya mwezi gani. Na mtu asiniambie eti nilikuwa nimesinzia. Mimi nikisinzia ndipo nasikia vizuri zaidi.

Fundi Makochi alikuwa mtu wa mambo mawili na nusu. La kwanza ni makochi. La pili ni redio za zamani, zile za mbao, ambazo alizinunua zikiwa maiti akazifufua. Ile nusu ni gitaa, kwa kuwa alilipiga nusu nusu. Akiwa kazini huwezi kuzungumza naye. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa huwa ameishika midomoni, safu nzima kama meno ya ziada, na ukimsalimia anakujibu kwa nyusi.

Mkewe tulimwita Mwalimu. Alifundisha chekechea ya mtaa wa pili, na nimesikia sauti nyingi maishani, nimewahi hata kusifiwa yangu, lakini ile ilikuwa kitu kingine. Akiwaimbisha watoto, sauti ilivuka ukuta wa shule, ikapita kituo cha mafuta, ikaingia karakana, na Fundi akabaki ameinua nyundo hewani mpaka wimbo uishe. Sauti ile ndiyo iliyomwoa Fundi. Gitaa halikuchangia kitu.

Sasa, kwenye simu yake Fundi alikuwa na kundi la wapenzi wa redio za zamani, watu mia tatu na ushee ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Walikuwa na desturi moja. Ukimaliza kutengeneza redio, kabla hujatafuta stesheni yoyote, unairekodi ikivuma tupu kwa sekunde kumi, unawatumia wenzako. Wao wanausikiliza ule mvumo kama daktari anavyosikiliza kifua, wanakwambia redio yako ni nzima au ina kikohozi. Watu wale walijua jambo ambalo wewe hulijui: kimya hakiko kimya. Kila chumba kina mvumo wake. Wa feni, wa jokofu, wa pumzi ya aliyemo.

Siku moja muuguzi mmoja wa humo kundini akaandika, "Jamani, nusu yetu humu tunapiga vyombo. Tunamnyima nani bendi?"

Mtani wake mmoja, mchora mabango, akajibu, "Mimi ngoma. Majirani wameshakata tamaa, hawalalamiki tena."

Ikawa utani, utani ukawa mpango. Muuguzi kinanda. Mchora Mabango ngoma. Fundi gitaa, na yeye ndiye wa kuunganisha sauti zote kwenye kompyuta yake. Mwalimu ataimba, maneno aandike mwenyewe. Kila mtu arekodi nyumbani kwake, aanze kwa sekunde kumi za kimya kama desturi yao, kisha aweke kazi yake kwenye sanduku la pamoja huko mtandaoni.

Kilichokosekana ni besi.

Jumapili alasiri Fundi akarekodi gitaa lake, akaliweka sandukuni, kisha akaandika kundini: *Nafasi ya besi iko wazi. Yeyote aliyepo aingie tu, asipige hodi.*

Mwalimu alikuwa akisoma kwa juu ya bega lake.

"Nyumba gani hiyo watu wanaingia bila hodi?"

"Si nyumba, mama. Ni bendi."

"Umesema yeyote aliyepo. Aliyepo wapi?"

"Mwalimu, umeshaanza kusahihisha madaftari."

Fundi alicheka. Hakufuta.

Jumatatu asubuhi besi ilikuwa sandukuni. Kila kazi humo huonyesha jina la aliyeiweka. Hii haikuwa na jina. Fundi akavaa hedifoni, akasikiliza, na nikamwona akishika meza. Ilikuwa besi ya kukufanya utamani kusimama. Nzito, ya polepole, kama mtu mkubwa anayetembea kwenye nyumba anayoijua.

Akarudisha mwanzo, kwenye zile sekunde kumi.

Hapo akanivalisha mimi hedifoni. "Sikiliza. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo," alisema. "Hata mimi."

Hakukuwa na feni. Hakukuwa na waya unaovuma. Hakukuwa na chumba.

Jumanne Mchora Mabango akatuma ngoma. Ngoma safi. Lakini ndani ya sekunde kumi za mwanzo, Fundi alisikia mlango ukifunguliwa taratibu, bawaba zikilia. Akampigia simu.

"Nani amefungua mlango ukirekodi?"

"Mlango gani?" Mchora Mabango akacheka. "Fundi, chumba changu hakina mlango wiki hii. Nimeung'oa niupake rangi. Uko uani umelala juu ya matofali."

Fundi alikata simu akakaa. Akairudia ile rekodi tangu mwanzo.

Jumatano Muuguzi akatuma kinanda. Sekunde kumi. Mvumo wa jokofu, kwa mbali. Halafu mguu wa kiti ukakwaruza sakafu, kama mtu anayevuta kiti akae. Fundi akamuuliza kwa ujumbe kama alikuwa na mgeni. Muuguzi akajibu kwamba anaishi peke yake, na humo chumbani kuna kitanda tu. Kiti hajanunua.

Alhamisi ngoma ya Mchora Mabango ikafa. Aliandika mwenyewe kundini: ngozi imekaza, fimbo nzima, akipiga ni kama anapiga mto. Watu wakamtania kwamba majirani wamemwombea. Ijumaa kinanda cha Muuguzi kikawaka taa zote kikakataa kutoa sauti. Lakini ndani ya sanduku la pamoja ngoma ile na kinanda kile vilikuwa vinalia vizuri kuliko Jumanne, vizuri kuliko Jumatano, vimekaa ubavuni mwa besi kama ndugu.

Fundi akashusha gitaa lake ukutani akaligusa. Lililia. Yeye alirekodi kabla ya kuandika yale maneno. Akalirudisha ukutani, na nikaona, maana uso wa Fundi mimi nausoma kama bango, nikaona hesabu ikimalizika kichwani mwake. Ngoma imekwenda. Kinanda kimekwenda. Iliyobaki ni sauti ya mkewe, na zamu yake ni kesho.

Jioni alimwambia, "Mama, tuahirishe."

Mwalimu aliweka daftari lake chini. Lilikuwa na maneno ya wimbo wake, ambayo hakuwa amemwonyesha mtu, hata mumewe.

"Miaka kumi na moja naimba 'nawa mikono, vaa viatu'. Leo nimeandika wimbo wangu, unaniambia tuahirishe. Kwa nini?"

 Fundi angesema nini? Kwamba ameogopa mlango ambao uko uani umelala? Aliona haya, na haya ile ndiyo iliyotuponza. Badala ya kusema, akaifuta besi sandukuni. Akayafuta yale maneno yake ya Jumapili. Akaandika mengine: *Nafasi imefungwa. Anayetaka kuingia apige hodi kwanza.*

Mwalimu akasoma, akampigapiga begani.

"Sasa hayo ndiyo maneno ya mtu aliyelelewa."

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua limejaa barabarani, watu wanapita na mizigo yao. Nyuma ya karakana kulikuwa na stoo ya sponji, na Fundi alikuwa amezipanga sponji hizo ukutani kote ili chumba kisirudishe mwangwi. Ndani kulikuwa na kigoda kimoja cha Mwalimu na kipaza sauti. Mbele yake, juu ya mbao, zilikuwa sponji tatu nene za kochi langu, mpya, hazijakaliwa na mtu.

"Shemeji," Mwalimu aliniambia akiingia, "nikiimba vibaya kochi lako linakuwa bure."

"Imba vibaya basi," nikamwambia.

Akafunga mlango. Fundi akavaa hedifoni mbele ya kompyuta. Nikamwona anachota misumari kwenye kopo anaipanga midomoni, safu nzima, ingawa hakukuwa na kitambaa wala nyundo. Mikono ya mtu mwenye hofu hufanya kazi inayoijua. Akabonyeza kurekodi.

Sekunde ya kwanza. Mvumo wa chumba.

Ya pili. Pumzi ya Mwalimu.

Ya tatu. Karatasi ya daftari.

Ya nne, mvumo ukakatika. Fundi akakaza mgongo.

Ya tano.

"Hodi."

Mimi nililisikia likivuja kwenye hedifoni zake. Lilikuwa neno moja, kwa upole, na lilikuwa kwa sauti ya Fundi. Sauti yake kabisa, na kile kikwaruzo chake cha vumbi la mbao. Nikamtazama mdomoni. Misumari ilikuwa imejaa, midomo imefungwa.

Akataka kupiga kelele. Akaguna tu. Akaanza kuitema misumari, ikaanguka mezani, ikaanguka sakafuni, mmoja mmoja, mmoja ukamchoma ulimi, damu ikatoka. Na kule ndani mke wake, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuacha hodi ya mtu bila jibu, alitabasamu. Tabasamu unaweza kulisikia kwenye sauti.

"Karibu," alisema. "Kwani tangu lini unapiga ho..."

Ikakatika hapo. Kama uzi.

Fundi alivunja kitasa. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mzima, daftari mapajani. Midomo yake ilikuwa ikienda. Alikuwa akituuliza kitu. Hakikutoka kitu, hata pumzi yenye sauti, hata kikohozi. Alijishika shingo. Akatutazama.

Kisha Fundi akatazama sponji za kochi langu.

Ile ya kati ilikuwa imebonyea. Alama ya mtu aliyekaa, mapaja mawili mapana, yakielekea kwa Mwalimu. Sasa, sponji nzito ya namna ile ikikaliwa hairudi kwa haraka. Hujiinua polepole, kama mkate. Na hii ilikuwa inajiinua. Tuliiona. Ukingo kwanza, halafu katikati.

Aliyekuwa amekaa alikuwa ndiyo kwanza amesimama. Na njia ya kutokea ilikuwa moja, pale mlangoni tulipokuwa tumesimama sisi.

Mimi nilisogea kando. Sioni aibu kusema. Nilimpisha.

Jioni hiyo wimbo ulikuwa sandukuni, umekamilika. Ngoma, kinanda, gitaa, besi ile ile iliyofutwa, na Mwalimu akiimba ubeti kwa ubeti maneno ya daftari ambalo hakuna aliyewahi kulisoma. Haukuwa na jina la aliyeuweka. Kundi zima likashangilia. Fundi aliufuta mara tano, ukarudi mara tano, naye akaacha.

Madaktari walimmulika Mwalimu koo, wakasema ni zima. Tukakaa siku mbili bila kusikia kitu nyumbani humo isipokuwa vijiko. Siku ya tatu, asubuhi, aliingia karakana na birika la chai, akatutazama, akasema, "Habari za asubuhi." Kwa sauti yake ile ile. Fundi akalia kama mtoto.

Kuna mawili hayajaisha. La kwanza, huko kundini watu wanaendelea kutengeneza redio zao na kutuma mvumo wa sekunde kumi. Mtu mmoja wa mbali alituma wa kwake, na kwenye sekunde ya tano mwanamke akasema, "Karibu." Wakadhani ni stesheni imeingilia. Wiki iliyofuata ikatokea kwa mwingine. Kisha kwa wengine wanne. Fundi anazihifadhi zote. Kila jioni anazisikiliza, halafu anaandika ujumbe kuwauliza kama vyombo vyao bado vinalia.

La pili ni kochi langu. Lilikwisha, nimelichukua, liko sebuleni. Pale katikati pamebonyea. Mke wangu anasema ni mimi nimenenepa. Mimi hukaa kushoto.

Nimesema niliyaona yote, na niliyaona. Ila kile cha siku ya tatu, ile "Habari za asubuhi," nilikitunga. Mwalimu mpaka leo anafundisha kwa kengele ndogo na chaki. Mara ya kwanza nilipokisimulia kisa hiki pale karakana, alikuwa amekaa pembeni akishona foronya za mito, na nilipofika hapo ulimi wangu ukashindwa kupita, nikaichomeka ile salamu. Akaacha sindano. Akaniinulia kidole, akakizungusha hewani: rudia.

Nikarudia. Tangu hapo siiruki.