Tansio ya Papa Germain na Maharagwe Mekundu

Kila Alhamisi boti ya Moba ilileta Kalemie, mji wa kando ya Ziwa Tanganyika, magunia ya maharagwe kutoka Kirungu. Zamani Mama Hortense alikuwa wa kwanza kufika bandarini. Alichagua yale mekundu, yenye ganda la kung'aa. Mumewe, Papa Germain, aliyapenda kupita nyama. Lakini kwa wiki sita sasa Mama Hortense aliyapita magunia hayo bila hata kugeuza shingo.

Sababu ilikuwa tansio, yaani shinikizo la damu. Papa Germain, mzee aliyestaafu kazi ya reli, alipimwa akakutwa nayo. Akapewa vidonge vya kila siku. Mama Hortense aliingiwa na hofu kubwa. Kaka yake Emile alikuwa na tansio hiyo hiyo. Ilimpoozesha upande mmoja, kisha ikamuua.

"Tansio ni damu kuzidi," alijiambia. Alikumbuka alipomzaa binti yao Bijou. Alipungukiwa damu, na akina mama wa ukoo walimnywesha vitu vyekundu ili damu irudi. Basi kwake jambo lilikuwa wazi. Kama chekundu kinaongeza damu, mwenye damu nyingi asikione kabisa!

Akasafisha jiko lote. Maharagwe mekundu, marufuku. Lengalenga, ule mchicha mwekundu, marufuku. Hata kitunguu chekundu, maskini, kilifukuzwa. Papa Germain akabaki na fufu nyeupe ya unga wa muhogo, mkate mweupe na makayabu, yule samaki mweupe wa chumvi. Mzee aliyezoea kutania nyumba nzima akawa kimya kama mgeni.

Siku moja, akifua, Mama Hortense aliona tone la mchuzi mwekundu kwenye shati la mumewe.

"Papa Bijou, hii ni nini?"

"Mchuzi."

"Wa nani?"

Papa Germain akainamisha kichwa. "Wa kwa Papa Félicien, hapo jirani. Tukisukuma kete za dame, bibi yake ananipa maharagi. Kidogo tu."

"Unataka nikuzike sawa vile nilimuzika Emile?"

Machozi yakamtoka. Akaliacha shati ndani ya beseni, akaenda nyumba ya jirani.

Mke wa Félicien, Mama Laurette, alikuwa muuguzi wa kituo cha afya. Alimkuta akimwagilia bustani kwa mpira wa maji.

"Mama Laurette, unamupa bwana yangu maharagi mekundu. Ile inaongeza damu! Utamuua!"

Laurette hakukasirika. Aliunyoosha mpira, maji yakatiririka polepole. Kisha akabana mdomo wa mpira kwa kidole. Maji yakaruka hadi ukutani.

"Nimeongeza maji?"

"Hapana."

"Nimeyatia rangi?"

"Hapana. Umebana njia."

"Tansio njo hiyo, mama. Ni nguvu ya damu mu mishipa. Haitoki mu rangi ya chakula."

"Na wekundu wa maharagi?"

"Si damu. Mimea inajitengenezea vitu vya kujikinga na jua na wadudu. Vinaitwa polifenoli. Viko mu ganda la maharagi, mu kitunguu, mu majani, mu matunda. Wataalamu wanaona vinaweza kusaidia mishipa ilegee, damu ipite vizuri, hata mu kichwa. Pengine vinasaidia akili na furaha pia. Hiyo wangali wanaichunguza, siwezi kukuapia. Na si dawa. Vidonge anakunywa?"

"Kila asubuhi. Ninamusimamia mwenyewe."

"Vizuri. Asiache hata siku moja. Sasa, unamupikia nini?"

"Makayabu. Kila siku, sababu ni mweupe."

Laurette akauweka mpira chini. "Mama, chumvi nyingi ni sawa na kufungua robine ya maji zaidi. Inapandisha tansio."

Mama Hortense akakaa kwenye tofali.

"Basi mimi njo nilikuwa ninamuua," alisema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Ulikuwa unamulinda. Utaendelea kumulinda, ila kwa njia inayofaa."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Mama Hortense aliwahi bandarini. Alichemsha maharagwe mekundu hadi yakaiva kabisa. Akatia vitunguu, nyanya na chumvi kidogo sana. Pembeni akaweka lengalenga. Akamwekea mumewe sahani.

Papa Germain akaitazama sahani, akamtazama mkewe.

"Mama Bijou, umenichoka? Unataka nimufuate Emile?"

"Kula, muzee," alisema, akicheka na kulia pamoja.

Makayabu hayakupikwa tena. Samaki walikuwa wabichi, wa ziwani. Kila asubuhi, baada ya kidonge, wawili hao walitembea hadi reli na kurudi. Mwezi ulipokwisha, Laurette alimpima mzee. Tansio ilikuwa imeshuka kutoka kumi na saba, yaani 170, hadi kumi na tatu, yaani 130.

"Ni maharagi!" alisema Papa Germain.

"Ni vidonge, na chumvi kupungua, na kutembea, na chakula kizuri," alisema Laurette. "Usikipe kimoja sifa zote."

Utani wa mzee ukarudi. Alimfunga Félicien michezo mitatu ya dame mfululizo. Félicien alisema ni bahati tu.

Jumamosi, akifua, Mama Hortense aliona tone la mchuzi mwekundu kwenye shati la mumewe. Safari hii mchuzi ulikuwa wa chungu chake mwenyewe.

Akachukua sabuni, akaanza kusugua huku akiimba.