Tumo Humo

Asubuhi ya Masalani hunukia moshi na anjera. Arbia alimimina uji wa unga kwenye bamba la moto, akauzungusha kwa mgongo wa kikombe, kisha akangoja vitobo vitokee. Hakuwa mtu wa haraka. Mama yake alipofariki aliacha shule akiwa darasa la nane, na tangu siku hizo alizoea kutazama kabla ya kusema.

"Naa, Arbia! Unapika anjera au unaisomea dua?" bibi yake aliita kutoka mkekani.

"Ya haraka huungua, ayeeyo."

"Na ya polepole huliwa na nzi!"

Ayeeyo ni bibi kwa Kisomali. Bibi huyu aliitwa Batula. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kama zamani. Aliishi na wajukuu wake wawili, Arbia na kaka yake Mustafe. Walilima shamba jembamba ukingoni mwa Mto Tana. Lilikuwa na migomba, mahindi na bilinganya. Katikati ulipita mfereji wa maji. Mama yake ayeeyo ndiye aliyeuchimba, kwa jembe na kwa mikono.

Kwenye nguzo ya nyumba ulining'inia mfuko mdogo wa ngozi. Ulikuwa mweusi kwa moshi na mafuta. Ulishonwa pande zote kama hirizi, na ndani yake mlikuwa na karatasi. Hakuna aliyewahi kuifungua. Mtoto akishikwa na homa, mfuko uliwekwa chini ya kichwa chake. Arbia aliikumbuka harufu yake tangu utotoni, harufu ya ufuta na ngozi kuukuu. Akiinusa hata sasa, alijiona mdogo tena, amelala mapajani mwa ayeeyo, mvua ikipiga majani ya migomba.

"Hiyo ni hati ya shamba letu," ayeeyo aliwaambia kila mara. "Nilipewa na bibi yangu Saynab. Alikuwa akiushika mfuko huu na kusema, 'Tumo humo.' Maana yake shamba ni letu. Tumeandikwa."

Asubuhi ile Mustafe alirudi kutoka hoteli ya chai akiwa amekunja uso.

"Kerrow anatutangaza," alisema. "Ardhi ya jamii inataka kuandikishwa. Kuna mkutano Jumamosi. Kerrow anasema shamba letu liwe malka."

Malka ni njia ya mifugo kwenda kunywa maji mtoni. Kerrow alikuwa jirani yao, mwenye ngamia wengi na sauti kubwa.

"Kwa nini letu?" Arbia aliuliza.

"Eti sisi wageni. Eti hatuna ukoo hapa. Aliniuliza mbele ya watu, 'Warya Mustafe, hebu hesabu babu zako.' Nilifika wa tatu nikakwama. Wakacheka. Mmoja akasema ukoo wetu ni mfupi kama mkia wa mbuzi."

Ayeeyo akanyoosha mkono kuelekea kwenye nguzo.

"Leteni kisu," alisema. "Leo hati itaongea."

Walikwenda kwa Maalim Sakariye, mwalimu wa chuo cha Kurani, kwa sababu alisoma Kiarabu cha zamani. Njiani walimwita jirani yao Hinda. Hinda alifanya kazi ya kuelimisha watu kuhusu ardhi, na wiki ile alikuwa akizunguka vijiji vyote vya karibu.

Maalim alikata uzi polepole. Karatasi ilikuwa ya rangi ya chai, imekunjwa hadi mikunjo imetoboka. Alivaa miwani.

"Bismillahi," alisema, akaanza kufasiri. "Mimi fulani bin fulani nimemuuzia fulani shamba langu..."

"Mmesikia?" ayeeyo alimpiga Mustafe begani. "Shamba!"

"...shamba langu la minazi..."

Arbia alimtazama bibi yake. Masalani kwao hakukuwa na minazi.

"...lililo pwani, ng'ambo ya Lamu. Na ng'ombe wawili wa maziwa. Na jiwe la kusagia. Na Mabruki. Na Tatu..." Maalim alisita. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena.

"Endelea, maalim," alisema ayeeyo.

"Na Tatu, na mtoto wake wa kike. Wote wamekuwa mali ya mnunuzi." Alishusha karatasi. "Batula, dada yangu, nisamehe. Hii si hati ya shamba lenu. Hawa watu wameuzwa pamoja na shamba. Wamehesabiwa kama sisi tunavyohesabu mbuzi."

Nje, watoto wa chuo walikuwa wakikariri kwa sauti moja.

"Tatu," ayeeyo alisema taratibu. "Saynab alikuwa akisema mama yake aliitwa Tatu."

"Basi Saynab ndiye mtoto wa kike," alisema Arbia.

"Hata jina lake halikuandikwa?"

"Halikuandikwa, ayeeyo."

Ayeeyo alijifunika uso kwa shela. "Saynab wangu! Aliyekuwa akinichomea ndizi mbichi kwenye majivu. Aliyekuwa akinibeba mgongoni mto ukifurika, huku akiwatania wenye mitumbwi. Watu wa ng'ambo wote walimjua kwa kicheko chake. Na humu amekuja nyuma ya jiwe la kusagia!"

Mustafe alisimama. "Ichomwe. Ichomwe sasa hivi. Kerrow akiisikia hii, hatatuita wageni tena. Atatuita adoon!"

Adoon ni mtumwa. Neno lile lilimfanya hata Maalim atazame chini.

"Kaa, Mustafe," alisema Arbia. Alikuwa bado anaitazama karatasi. "Maalim, mtu akinunua kitu, hati hukaa kwa nani?"

"Kwa mnunuzi."

"Basi hii ilikuwa kwenye sanduku la huyo bwana. Ilifikaje kwetu?"

Ayeeyo aliondoa shela usoni. Akaanza kuimba kwa sauti nyembamba. Arbia aliujua wimbo ule. Ndio waliobembelezewa wote pale nyumbani.

*Lala mwana, tumo humo,*
*Mama mwizi, kajiiba,*
*Lala mwana, tumo humo.*

"Bibi yangu aliniimbia huu," alisema ayeeyo. "Nilidhani ni maneno ya kulaza mtoto tu. Nilimuuliza, 'Mtu hujiibaje?' Akacheka, akanifinya shavu."

"Aliyeandikwa kuwa mali ya mtu," alisema Maalim, "akiondoka, wenye mali watasema amejiiba."

"Tatu alitoroka na mtoto wake," alisema Arbia, "na akaichukua karatasi, wasibaki na cha kuonyesha."

Ayeeyo alipokea karatasi akaiweka kifuani. Alilia, lakini sasa hakujifunika.

"Nimeulalia mfuko huu maisha yangu yote," alisema. "Nilidhani ni wa shamba. Kumbe ni wa mama."

Walipotulia, Mustafe alimgeukia Hinda. "Sasa hatuna hati. Jumamosi tutasema nini?"

"Nisikilizeni vizuri," alisema Hinda. "Karatasi hii haiwapi shamba. Lakini pia haiwanyang'anyi. Sheria ya ardhi ya jamii haiulizi bibi yenu alikuwa wa nani. Inataka kujua nani anaishi hapa, na nani anaitumia ardhi hii. Mwenye ukoo mrefu na mwenye ukoo mfupi wana haki sawa. Mwanamke na mwanamume wana haki sawa."

"Hiyo ni sheria ya kitabuni," alisema Mustafe. "Kerrow yuko hotelini."

Hinda alicheka. "Ndiyo maana mtaenda wenyewe. Na mwende nyote! Watu wetu hukosea hapo. Humtuma mwanamume mmoja, jina lake likaandikwa, majina ya mama na dada yakabaki nyumbani na sufuria. Siku akifa au akishawishiwa na mtu, wanawake wanabaki juani. Kila mtu mzima aende na kitambulisho chake, aandikwe."

"Na mimi kizee?" aliuliza ayeeyo.

"Wewe wa kwanza. Jambo la pili, tafuteni mashahidi. Waliokuona ukilima. Waonyesheni watu mfereji. Waonyesheni makaburi ya wazee wenu. Na jambo la tatu..."

Hinda alijishtukia kwa neno hilo. Wote walikuwa wamemtazama.

"Tatu," alisema ayeeyo, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu. "Sema, binti yangu. Tatu anasemaje?"

"La tatu ni hili. Majina yakisomwa, tegeni masikio. Jina likikosewa au likirukwa, semeni papo hapo. Na usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa ukaielewa. Mmeona wenyewe, karatasi inaweza kukaa nguzoni miaka na miaka, na watu wakaiamini bila kujua inasema nini."

Jumamosi watu walikusanyika chini ya paa la mabati la shule ya msingi. Wanaume walikaa mbele, wanawake nyuma. Ayeeyo alimshika Arbia mkono, akapita katikati ya wanaume, akatandika kanga yake mstari wa mbele. Mustafe aliwafuata.

Zamu ya ukingo wa mto ilipofika, Kerrow alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Ukame uliopita ulimwondolea ngamia wengi, na tangu hapo aliogopa kila mwezi usio na mvua.

"Ngamia wangu wakifika mtoni wanakuta migomba," alisema. "Shamba lile liwe malka. Na hawa watu, mimi siwachukii, lakini ni wageni. Hebu wahesabu ukoo tusikie unaishia wapi."

Mustafe alianza kuinuka. Ayeeyo alimvuta shati akaketi, akasimama yeye.

"Nitahesabu mimi," alisema. "Mimi ni Batula, wa Ardo, wa Saynab, wa Tatu."

Wanaume walianza kuguna. Ukoo wa wanawake! Nani alihesabu ukoo kwa mama?

"Ndiyo, ni wanawake," aliendelea. "Tatu aliuzwa pwani pamoja na jiwe la kusagia. Karatasi ninayo. Akajiiba. Akamchukua mtoto wake na karatasi yake, akaja kwenye mto huu. Saynab alipanda migomba. Ardo akachimba mfereji. Mimi nimekuwa nikiupalilia tangu meno yangu yakiwa yote. Kerrow, unauliza ukoo wetu unaishia wapi? Unaishia kwa mwanamke aliyekataa kuwa mali."

Arbia aliwatazama wanaume mmoja mmoja. Neno alilolihofia Mustafe lingeweza kutoka kinywani mwa mtu yeyote.

Sauti ilitoka nyuma, kwa wanawake. Ilikuwa ya Kaltun, dada mkubwa wa Kerrow.

"Warya, Kerrow! Kitovu chako kilikatwa na nani?"

Kerrow aligeuka. "Abaayo, dada yangu, hiyo inahusianaje na ardhi?"

"Kilikatwa na Ardo, mama yake huyu! Mwaka wa njaa mama yetu hakuwa na maziwa. Ulinyweshwa uji wa ndizi za shamba lile. Ndiyo maana kichwa chako laini mpaka leo!"

Watu waliangua kicheko. Kerrow alijaribu kukaza uso, akashindwa.

"Mimi ni shahidi," alisema Kaltun. "Niliuona mfereji ukichimbwa. Nilikuwa nachotea maji humo." Mzee mmoja akasema naye aliuona. Kisha mwingine.

"Haye, haye," alisema Kerrow. "Lakini ngamia wangu watapita wapi? Wataruka?"

Ndipo Arbia aliponyoosha mkono. Hakuwahi kusema mbele ya watu wengi.

"Adeer Kerrow," alisema, kwa heshima ya mtoto kwa baba mdogo, "kati ya shamba letu na kichaka cha miiba kuna ukanda tusioulima, maji huukata kila mafuriko. Ngamia wako huupenda. Nimewatazama. Ukikatwa miiba, wanapita bila kugusa migomba. Tutakusaidia kuikata."

Kerrow alimgeukia. "Umewatazama ngamia wangu?"

"Kila siku."

"Basi unawajua kuliko wachungaji wangu," alisema, akaketi.

Wakakubaliana. Ukanda ule ukawa malka ya wote, na shamba likatambuliwa kuwa la familia ya Batula. Katibu akaandika majina. Alipomaliza akayasoma kwa sauti. Arbia alitega masikio. Lake lilikuwemo. La Mustafe lilikuwemo.

"Ngoja, katibu," alisema. "La ayeeyo umeandika Fatuma. Anaitwa Batula."

Katibu akalifuta, akaliandika upya, akasoma tena. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila familia, "Familia ya Batula, mmo?"

Ayeeyo aliomba aonyeshwe kwanza. Arbia alimshika kidole, akakiongoza kwenye karatasi mpaka juu ya jina lake. Ayeeyo akakiacha hapo, kama mtu anayeupima moto wa uji kwa kidole.

"Hapa sikuandikwa nyuma ya jiwe?"

"Hapana, ayeeyo. Uko juu. Wewe ndiye wa kwanza."

Kikongwe akainua uso, na sauti yake ikafika mpaka kwa wanawake wa nyuma.

"Tumo," alisema. "Tumo humo."