Utepe Mlangoni kwa Mama

Kila Jumamosi asubuhi mimi huenda kwa Mama. Ni mwendo mfupi kwa gari, kupita mashamba ya mahindi. Nampelekea donati. Tunakunywa kahawa jikoni, ananisimulia nani kaoa na nani kafa. Halafu narudi kwangu. Ndivyo tulivyoishi tangu Baba alipofariki.

Jumamosi ile nilikata kona nikaona magari yamepangana barabarani. Watu wamejaa uani kwa Mama. Nikasema, basi, Mama amekufa. Niliacha mlango wa gari wazi nikakimbia.

Kumbe Mama yuko mzima. Kakaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya gereji, kofia kichwani. Vitu vyake vyote vilikuwa nje, vingine juu ya meza, vingine chini: sufuria, vitanda vya wageni, taa, mapazia, hata koleo la theluji la marehemu Baba. Watu wanashikashika na kuuliza bei.

"Mama! Hii nini?"

"Nauza vitu. Hujawahi kuona watu wakiuza vitu? Sogea, unamzibia mteja."

Mwanamke mmoja alikuwa ameshika sahani yetu ya bluu ya kuokea pai. Niliipokonya.

"Hii haiuzwi!"

"Inauzwa," Mama akamwambia yule mwanamke. "Msamehe. Huyo ni binti yangu Joleen, hajanywa kahawa."

Nilibaki nimeikumbatia sahani kama mwizi. "Mama, unauza vyombo kwa nini?"

"Nahama. Nahamia Willow Draw, yale makao ya wazee. Jumatatu naiuza nyumba. Mnunuzi nimeshampata."

Nilikaa kwenye kitanda cha wageni, pale pale uani, mbele za watu.

"Bila kutuambia? Mimi na Curtis?"

Curtis ni kaka yangu. Anaishi mbali, upande wa milimani.

"Curtis ndiye aliyenifungua macho," Mama akasema. "Pasaka, mezani kwangu, anakula nyama yangu, anakunong'oneza kwamba nipelekwe nyumba ya kuuguzia kabla sijawaletea balaa. Alidhani sisikii. Mimi kibovu changu ni goti. Masikio ni mazima. Basi nimeamua kwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nitakakopenda mimi."

"Na huko nani atakuangalia?"

"Manesi! Nikianguka wananiokota. Nikishindwa kuoga wananiogesha. Nyie mkae kwa amani."

Wakati huo jirani yetu Bonita alikuwa anakuja na jagi la maji ya limau kwa ajili ya wateja. Bonita ni mjane kama Mama. Alisimama ghafla.

"Ardith," alimwita Mama kwa jina. "Manesi gani?"

"Wa Willow Draw. Nimemwona mmoja kwa macho yangu siku niliyokwenda kutembezwa. Kavaa nyeupe tupu. Kanishika mkono, kaniuliza naendeleaje, kaniletea supu."

Bonita aliliweka jagi chini polepole.

"Shoga yangu, yule ni Dolores. Ni mpishi. Alikuletea supu kwa sababu ndiye aliyeipika."

Mwanamke wa sahani ya pai alicheka. Mama hakucheka. Nilimwona anatafuta mkono wa kiti ili ajishike, ingawa alikuwa tayari amekaa.

"Hakuna nesi?"

"Hakuna. Yale ni makao ya wazee wanaojitegemea, na maana yake ni hiyo hiyo. Unajiogesha mwenyewe. Unajivalisha mwenyewe. Dawa zako unakumbuka mwenyewe. Wao wanaondoa theluji, wanapika chakula cha mchana, wana basi la kukupeleka dukani na kanisani. Anayehitaji kuogeshwa anakwenda makao mengine, ya wazee wanaosaidiwa. Na mgonjwa wa kitandani ndiyo huko kwenye nyumba ya kuuguzia. Ni mambo matatu mbalimbali. Watu wanayachanganya kila siku."

"Wewe umeyajulia wapi?" niliuliza kwa ukali. Hasira zangu zilikuwa zinatafuta pa kutua.

"Nimekaa huko," Bonita akajibu. "Siyo Willow Draw, ni mahali kama pale, mjini. Mimi na mume wangu Leland. Tuliuza nyumba yetu wiki ile ile tuliyohama. Na maisha yalikuwa mazuri, sitakudanganya. Tulicheza karata, tulicheka, hakuna majani ya kukata wala paa la kuziba. Halafu Leland akaanza kusahau. Akaacha jiko linawaka na kitambaa juu yake. Meneja akaniita ofisini. Kwa upole kabisa akaniambia, mumeo hawezi kuendelea kukaa hapa. Nikamwuliza, twende wapi? Nyumba hatuna tena. Akanipa sanduku la karatasi laini nifute machozi."

Jamani! Miaka yote hii tunakula pai za Bonita, tunamwona anaanika shuka zake, na hakuwahi kusema neno. Sisi tulijua tu kwamba Leland alifia kwenye nyumba ya kuuguzia na kwamba yeye amepanga nyumba jirani na ya Mama. Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu wa umri wake anapanga. Kwetu ni aibu kuuliza.

"Basi sihami," Mama akasema. "Rudisheni vitu ndani."

"Sikusema usihame," Bonita akamjibu. "Nimesema ujue unakokwenda. Ardith, nikuulize. Kwa nini hasa unahama? Usiniambie habari za Curtis."

Mama alikuwa anaangalia kapu la nguo chafu, lile la plastiki, ambalo nalo lilikuwa mezani linauzwa. Lilikuwa limepasuka ubavu mmoja.

"Nilianguka," akasema, kama mtu anayesema jana ilinyesha. "Msimu wa baridi uliopita. Nilikuwa nashusha nguo kule chini."

Mashine ya kufulia ya Mama iko kwenye chumba cha chini ya nyumba, kama ilivyo katika nyumba zetu zote. Ngazi ni za mbao, nyembamba, na taa ni moja.

"Ulianguka ngazi zote?" nikauliza.

"Za mwisho. Goti likakataa. Nikalala pale kwenye saruji tangu asubuhi. Giza lilipoingia ndipo nikaanza kupanda kwa makalio, ngazi moja moja."

"Mama. Kutwa nzima? Na hakupita mtu yeyote?"

"Alipita mleta barua. Nilisikia viatu vyake kwenye theluji, karibu kabisa na kidirisha cha kule chini."

"Ukamwita?"

"Hapana."

"Hukumwita!"

"Nilikuwa na gauni la kulalia, Joleen! Na rola za nywele kichwani. Ningemwitaje mwanamume wa watu? Na kazi yake ilikuwa haijaisha, maskini. Na baridi ile."

Haki ya Mungu, nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu. Mama yangu alilala kwenye saruji ya baridi, akasikia msaada unapita karibu na kichwa chake, akanyamaza ili asimsumbue mleta barua! Na Jumamosi yake nilikuja na donati. Nikaona anachechemea. Akaniambia ni baridi tu.

Yule mwanamke wa pai alikuja akaichukua ile sahani mikononi mwangu, taratibu, akaiweka mapajani mwa Mama. Akaenda zake.

Mchana ule tulifunga gereji. Tulikaa jikoni sisi watatu, na Curtis tukamweka kwenye simu. Alianza kufoka. "Nilisema mimi! Nyumba ya kuuguzia!"

"Funga mdomo, Curtis," Bonita akamwambia. "Mama yako anapika, anaendesha gari, anawashinda wote kwenye karata. Haumwi. Yuko peke yake na ngazi mbovu. Hayo ni mambo mawili."

"Haya, tueleze," Curtis akasema.

Bonita akatueleza. Akasema makao yale yana faida ya kweli kwa mtu kama Mama. Hakuna ngazi. Mashine za kufulia ziko ghorofa moja na vyumba. Kuna watu wa kuongea nao kila mlo. Lakini kuna mengine. Chumba ni kidogo. Bustani hakuna, labda ndoo ya nyanya dirishani. Kodi hupanda karibu kila mwaka. "Na utazika marafiki," akasema. "Wote mtakaokaa nao ni wazee. Unazoea mtu mezani, wiki ijayo kiti chake kitupu. Hilo hawakuonyeshi siku ya kutembezwa."

"Sasa tufanye nini?" nikauliza.

"Msiuze nyumba kwanza. Ajaribu. Makao mengi hukodisha chumba chenye kila kitu kwa miezi michache. Aende msimu wa baridi, aone. Na kabla hajakwenda, ulizeni. Akianguka, nani anakuja? Akihitaji msaada wa kuoga, anaruhusiwa kuleta mtu wa kumsaidia? Akizidiwa, atapelekwa wapi, na watampa muda gani? Majibu yawe kwenye mkataba. Mkataba mwonyesheni mwanasheria kabla ya sahihi. Sisi hatukuuliza hata moja."

Jumatatu Mama alimpigia mnunuzi wa nyumba akamwambia asubiri mpaka majira ya kuchipua. Tulikwenda Willow Draw pamoja. Tuliuliza yote. Meneja alisema mzee anaweza kumwajiri mtu wa kumsaidia. Akasema ng'ambo ya maegesho kuna jengo lao jingine, la wazee wanaosaidiwa, na wakazi wa Willow Draw hupewa nafasi kwanza. Nikamwambia aandike. Akaandika. Mwanasheria akasoma kila ukurasa.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, Mama alihama na masanduku mawili na ile sahani ya pai. Curtis alisafiri akaja kutoa maji yote kwenye mabomba ya nyumba yasije yakaganda na kupasuka. Alibeba masanduku yote mwenyewe.

Kitu kimoja tu Mama alikikataa. Kule kila mkazi ana utepe mwekundu. Usiku unautundika nje kwenye kitasa cha mlango wako. Asubuhi ukiamka, unautoa. Mfanyakazi wa asubuhi, Lupe, anapita ukumbini. Akiona utepe bado unaning'inia, anagonga. Usipoitika, anafungua kwa ufunguo wake.

"Mimi si mtoto wa chekechea," Mama akasema. "Mtu mzima anaamka anapotaka."

"Kumbuka viatu vya mleta barua," nikamwambia.

Akautundika.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, simu ikalia. Ilikuwa Willow Draw. Mama kaanguka bafuni. Sijui niliendeshaje gari kwenye barafu ile. Nilikuwa naona saruji tu, saruji na giza.

Nikamkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kafungwa kitambaa cha baridi kwenye nyonga. Rola ziko kichwani. Mkononi kikombe cha kahawa.

"Mama! Ulilala chini muda gani?"

"Shika hiki," akanipa kikombe. Kilikuwa bado na joto. "Nilimimina kahawa, nikaingia bafuni, goti likakataa. Utepe ulikuwa bado nje. Nikasikia Lupe anagonga. Nikapiga kelele mpaka mzee wa chumba cha tatu akatoka na fimbo yake. Kikombe hakijapoa, Joleen."

"Ulipiga kelele? Na hizo rola?"

"Na taulo tu mwilini! Lupe kaniona, mzee kaniona, labda na mpishi kaniona. Acha waone."

Nilicheka, halafu nikalia, nikashindwa kujua nafanya kipi. Mama aliningoja nimalize.

"Nyumba sasa iuzwe," akasema. "Nimejaribu na pananifaa. Lakini mashine ya kufulia kwanza ipandishwe juu. Asije akalala mwingine pale."

"Sawa, Mama."

"Na ya kwako iko wapi?"

Sikumwelewa. "Yangu nini?"

"Mashine ya kufulia."

Tangu talaka naishi peke yangu. Nina umri wa kuitwa bibi. Kila Jumapili nashuka na kapu la nguo, ngazi za mbao, taa moja.

"Iko chini," nikasema.

Mama alinyoosha mkono akachukua kahawa yake.

"Kuanzia kesho, ukiamka nipigie simu. Usipopiga, namtuma Curtis awapigie simu majirani zako wavunje mlango. Hata kama una rola kichwani."