Kichupa Namba 41

Saa moja na robo asubuhi, kama kila siku, Sindano alijiandaa kuzilisha seli.

Alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Akavaa glavu, akazipulizia spiriti. Akapasha lishe kwenye beseni la maji ya moto, ile lishe nyepesi ya rangi ya waridi, na mrija mmoja wa lishe hiyo akautia ndani ya koti lake, ubavuni, usije ukapoa. Kisha akainama mbele ya kabati la joto. Nyuzi thelathini na saba. Joto la tumbo la mama.

"Mmeamkaje?" alinong'ona.

Pale maabara hakuna mtu aliyewahi kusalimiwa naye kwa upole kama ule.

Akafungua mlango.

Harufu ya klorini ikampiga usoni.

Chupa zote kumi na mbili zilikuwa zimepauka. Waridi lilikuwa limetoweka, yamebaki maji matupu. Mtu alikuwa amezimiminia dawa ya madoa, moja baada ya nyingine, bila haraka. Tena alikuwa amevirudisha vifuniko vizuri.

Zote zimekufa.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa Nokia ndogo ya vitufe, na namba yake ilijulikana na mtu mmoja tu duniani.

*Mjomba anauliza kama nguo zimekauka.*

Maana yake: tumeingiliwa, kagua akiba.

Alikimbilia chumba cha pili. Akafunua pipa la naitrojeni la kugandishia seli, mvuke mweupe ukamwagika mpaka miguuni. Akavuta fimbo ya nne. Nafasi ya arobaini na moja.

Tupu.

Akapiga simu.

"Sema," ilisema sauti ya Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Alikuwa mkuu wa kitengo cha upelelezi, na kitengo chenyewe hakikuwa na kibao mlangoni.

"Za kwenye joto zimeuawa. Zilizogandishwa zimeibwa. Vichupa viwili."

"Akiba nyingine?"

"Hakuna."

"Bodi ya vyakula inakaa saa nne," Mjomba alisema. "Wasipoziona seli hizo kwa macho yao, zikiwa hai, unga unapita. Malori yameshapakiwa."

"Najua."

"Sasa bado unafanya nini hapo?"

Unga wenyewe ulikuwa wa lishe ya wajawazito. Madini ya chuma, vitamini, pakiti ya kijani yenye picha ya mama anayecheka. Uliletwa na kampuni ya ng'ambo, ukajaribiwa kwenye kliniki chache. Ndani yake kulikuwa na kitu kilichoua seli za kondo la nyuma, polepole, kwa wiki kadhaa. Kitengo kilimpandikiza Sindano maabara kama fundi, apate ushahidi.

Seli za akina mama wengine zilizaana mara chache zikachoka. Za namba 41 hazikuchoka. Miezi minane sasa zilikuwa zinaishi, na zilibeba alama ya sumu waziwazi. Wenye unga walizitaka kwa sababu moja: wajue kilichowasaliti, ili safari ijayo sumu ipite bila kuonekana.

Maabara, mtoaji wa kondo hutambulika kwa namba tu. Jina hufungiwa.

Lakini Sindano alimjua namba 41. Alikuwa mdogo wake, mtoto wa mama yake.

Mdogo wake alimpigia simu akiwa na mimba ya miezi sita. "Dada, huu unga wa kliniki unanitia kichefuchefu. Niendelee nao?" Siku hiyo majibu ya kwanza yalikuwa mezani kwa Sindano. Amri ilikuwa fupi: hakuna mtu wa nje atakayejua, hata ndugu. Naye akajibu, "Fuata wanavyokuelekeza."

Wiki tatu baadaye mtoto alizaliwa kimya, hana pumzi.

Tangu hapo sauti ile ilimfuata. Aliisikia kwenye mngurumo wa majokofu, kwenye feni, kwenye bomba la maji. *Niendelee nao?* Kila alipoinamia hadubini alijikuta anatafuta, kati ya seli, kitu chenye sura.

Mlinzi wa lango alikuwa anakoroga chai.

"Ametoka mtu na chombo cha baridi?"

"Katoka mmoja na ovaroli ya usafi. Kabeba kasha la barafu, kapanda teksi. Kamwambia dereva stesheni."

"Uso wake?"

"Dada yangu, mimi nianze kukariri sura za watu kabla sijanywa chai?"

Sindano alikuwa ameshaondoka kabla mlinzi hajamaliza kucheka.

Stesheni. Saa mbili kasoro dakika kumi kwenye saa yake ya Casio. Treni ya haraka ingeondoka saa mbili kamili, na ikivuka mpaka, basi.

Wenzake wa kitengo walikuwa wameshafika. Kidude sikioni kikakoroma.

"Kasha la kwanza. Aiskrimu."

"La pili?"

"Samaki. Mwenyewe anatutukana, anasema tumemgusia samaki wake."

"La tatu?"

"Chanjo za kuku. Na la nne liko kwenye pipa la taka chooni. Tupu. Pamoja na ovaroli."

Amehamisha mzigo.

Ukumbi wa abiria ulikuwa umejaa. Mabegi, watoto, magazeti, watu wanaolala wamekaa. Dakika nane. Sindano alisimama karibu na nguzo, akavuta pumzi, akaacha macho yake yatembee.

Dakika saba.

Benchi la mwisho, bwana mmoja wa makamo. Shati jeupe, miwani, viatu vilivyopigwa rangi. Alikuwa anamweleza mama wa pembeni habari za biashara yake ya vipuri vya magari. Akafungua chupa ya maji ya kunywa.

Kifuniko hakukiweka kwenye benchi. Hakukishika kwa vidole viwili. Alikikunja ndani ya kidole chake kidogo, mdomo wa kifuniko ukitazama chini, akanywa, akakirudisha kwa mkono uleule.

Nywele zikamsimama Sindano.

Hakuna muuza vipuri anayeshika kifuniko namna ile. Wanafanya hivyo watu wa seli peke yao, waliokaa miaka mbele ya chupa za lishe, kwa sababu kifuniko kikigusa meza kinaokota vijidudu na kazi ya mwezi inaoza. Mkono ukishazoea, hausahau. Hata stesheni. Hata mtu akiwa anatoroka.

Kati ya viatu vyake kulikuwa na chupa kubwa ya chai. Kizibo hakikukazwa. Uzi wa mvuke ulitoka, mwembamba, ukianguka chini badala ya kupanda juu.

Mvuke wa chai hupanda.

Mama wa pembeni aliinuka kumfuata mtoto wake. Sindano akakaa mahali pake.

"Kaka, chai yako isije ikapoa."

"Chai yangu haipoi, dada," alijibu bila kumtazama.

"Najua. Inaganda."

Sasa alimtazama. Alitazama koti jeupe, kisha bastola ya Glock iliyolala chini ya mtandio juu ya mapaja ya Sindano, mdomo ukimwelekea mbavuni. Hakushtuka sana. Mguu wake ulisogea tu, ukagusa chupa.

"Nikiipiga teke," alisema taratibu, "vichupa vinamwagika sakafuni. Joto la hapa ni la polepole. Barafu ndani inageuka visu, inazichana zote. Wewe mwenyewe unajua."

"Najua."

"Basi weka hicho kitu chini, kila mtu apande treni yake. Tusichafuane. Hizi ni seli tu, dada."

"Hizi ni za mdogo wangu."

Hakupanga kusema. Lilitoka lenyewe.

Kwa mara ya kwanza kitu kilimpita bwana yule usoni. Maisha yake yote alikuwa ameshika namba. Hakuna namba iliyowahi kuja kukaa naye benchi moja.

Kisha akapiga teke.

Chupa ikaruka, moshi mweupe ukalipuka sakafuni, watu wakapiga mayowe. Sindano hakufyatua. Alijirusha. Nyuma yake alisikia wenzake wakimlaza yule bwana chini, miwani ikivunjika. Yeye alikuwa magotini, ndani ya ukungu, akipapasa.

Kichupa kimoja kilipasuka mbele ya vidole vyake.

Cha pili akakidaka kwa mkono mtupu.

Baridi ile haichomi kama moto. Inauma kama meno. Alifunga kiganja, akakikandamiza chini ya kwapa, akauma mdomo mpaka ukatoa damu.

"Kiachie!" mwenzake alipiga kelele. "Utapoteza vidole!"

"Nihesabie dakika mbili."

"Wewe, mkono wako—"

"Hesabu!"

Maana yule bwana alijua nusu tu. Seli zikiyeyuka polepole hufa. Zikiyeyushwa haraka, kwenye joto la mwili, kisha zikalishwa papo hapo, huishi. Alijua kuziiba. Kuzilea hakuwahi.

Dakika mbili. Barafu imebaki punje. Akautoa mrija kutoka ubavuni, bado una joto lake. Kifuniko kwenye kidole kidogo. Akamiminia seli ndani ya lishe, tone moja. La pili. La tatu. Polepole, katikati ya ukumbi wa stesheni, huku treni ikipiga honi na kuondoka.

Alifunga mrija, akauingiza ndani ya blauzi, juu ya tumbo lake, akaukumbatia. Ndani ya gari, king'ora kikilia, aliushikilia hivyo mpaka maabara. Mwenzake alimwangalia kupitia kioo mara mbili, akageuza macho. Alikuwa amekaa kama mjamzito anayeogopa matuta.

Saa nne na dakika kumi wajumbe wa bodi walipanga foleni mbele ya hadubini. Tone la rangi ya buluu liliongezwa. Seli zilizokufa huinywa rangi. Zilizo hai huikataa.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliinama akakaa hivyo muda mrefu.

"Hizi zinazong'aa ndizo zenye uhai?"

"Ndizo, mama."

"Ni nyingi."

"Saba katika kila kumi."

Mwenyekiti akatazama picha za madhara zilizobandikwa ukutani, akarudi tena kwenye hadubini. Alipoinuka, macho yake yalikuwa mekundu. "Nipeni simu," alisema. "Malori hayatoki. Na pakiti zilizopo kliniki zirudishwe leo. Leo, nimesema."

Nokia ikatetemeka.

"Kazi safi," Mjomba alisema. "Mkono?"

"Upo."

"Yule bwana ameanza kuimba. Pumzika siku tatu." Akakohoa. "Na kuhusu mdogo wako. Ile habari inabaki ilipo. Tuliujua unga mapema tukanyamaza; hilo likitoka nje, kitengo kizima kinavuliwa nguo. Tumeelewana?"

Sindano alitazama bandeji mkononi mwake. Alitazama kabati la joto, lililosafishwa, lenye chupa moja tu ndani.

"Sindano? Tumeelewana?"

Alikata simu. Akaiacha juu ya meza, akatundika koti jeupe, akatembea kwenye korido ndefu bila kugeuka nyuma. Hatua zake zilikuwa tulivu. Mlinzi alimpungia, naye akampungia kwa mkono mzima.

Mdogo wake alikuwa na kibanda cha kutoa nakala, mashine moja kubwa iliyochakaa na kiti kimoja cha wageni. Mwalimu mmoja alikuwa anagomba.

"Ukurasa wa tatu umefifia."

"Mwalimu, hata huo wako halisi umefifia. Mashine yangu haina uganga."

Mwalimu akaondoka akicheka. Mdogo wake akageuka.

"Haa! Dada! Leo umekumbuka njia? Nilidhani mpaka tufiwe tena." Lilimtoka kama utani. Likaanguka kati yao, likakaa hapo. "Samahani. Mkono umefanyaje?"

"Nimeungua."

"Na jiko gani? Wewe hata chai unakunywa kwa majirani. Kaa."

Alikaa. Mdogo wake akawa anapanga karatasi, akizigonga kingo mezani, akizigonga tena ingawa zilikuwa zimeshalingana. Amekonda. Shingoni mifupa ilionekana.

"Unajua nini," alisema bila kuinua kichwa. "Bado naifikiria ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Ya maji. Niliipandisha ghorofa mbili, lifti imekufa. Mama alinikataza, nikajiona mimi ndiyo mimi. Naamka naisikia mikononi. Naona niliibeba ile ndoo, nikambwaga mwanangu."

Mwanga wa mashine ukapita chini ya kioo, ukarudi. Sindano alikuwa amewahi kudanganya walinzi, wakubwa, mashine za kupimia uongo. Huyu hakuweza kumdanganya.

"Si ndoo."

"We unajuaje?"

"Ulinipigia, ukaniuliza kama uendelee na ule unga."

Karatasi zikasimama.

"Ulikuwa na sumu, mdogo wangu. Na mimi siku ile nilikuwa nimeshajua. Nilijua, na sikukwambia."