Domitila na Mpiga Matangazo

Jumamosi ile mnada wa Bariadi ulikuwa umejaa hadi barabarani. Ng'ombe walikuwa wakiswagwa kutoka pande zote, wauza nyama choma wamekwisha washa mikaa, na vumbi la Oktoba lilimtulia kila mtu kichwani bila kuchagua. Domitila alifika saa nne, amevaa gauni la kitenge la njano lililomkaa vizuri kiunoni na raba nyeupe ambazo baada ya hatua kumi hazikuwa nyeupe tena. Mkononi alishika karatasi mbili za ofisini.

Alikuwa na miezi miwili tu katika kazi ile. Kwao ni Nyalikungu, pale Maswa, binti wa mwalimu mstaafu. Alisomea mazingira Morogoro, kisha akaajiriwa na mradi mmoja uliosaidia vijiji vya Simiyu kujiandaa na ukame na mafuriko. Siku hiyo alitumwa kuwasomea wafugaji utabiri wa mvua za msimu.

Alipanda juu ya kreti la soda akaanza kusoma. Mvua, alisema, zinatarajiwa kuwa za wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi ya mkoa. Fahali mmoja akanguruma. Huyo ndiye pekee aliyejibu.

Hatua chache kutoka pale kulikuwa na pikapu ya bluu yenye spika mbili juu, inatangaza dawa ya kupe. Mtangazaji wake alikuwa kijana mrefu, kavaa shati la maua na kofia ya pama iliyoinama upande mmoja. Alimtazama Domitila kwa muda, akazima muziki, akashuka.

"Dada, unamsomea nani?"

"Hawa wote."

"Hawa wote hawajui kama upo. Hebu nione hiyo karatasi."

Akaisoma akiwa amekunja uso. Akauliza hiyo juu ya wastani ndiyo kitu gani. Domitila akamweleza kwamba mvua inaweza kuzidi ile waliyoizoea, hasa kuanzia Januari, na mwenye zizi bondeni aanze mapema kutafuta pa kuhamia. Kijana akatikisa kichwa, akachukua maikrofoni. Alianza kwa salamu ya Kisukuma, akawatania wazee wawili waliokuwa wakibishana bei ya dume lililokonda, kisha akayasema yote yale kwa maneno ya nyumbani. Haikupita muda wanaume wenye fimbo walikuwa wameizunguka pikapu, wanauliza maswali, na Domitila akawajibu kwa spika ile hadi sauti ikamkauka.

Kijana aliitwa Bujiku, mtoto wa mkulima wa pamba wa Sola. Alimaliza kidato cha nne, akalima misimu mitatu, akanunua spika, kisha pikapu. Harusi, misiba, dawa za mifugo, mikutano ya kampeni, vyote alivitangaza yeye. Kabla hawajaachana aliomba namba ya simu, akasema ni kwa ajili ya maswali ya wafugaji.

Jioni simu ikaita.

"Mfugaji gani huyo mwenye swali?" Domitila aliuliza.

"Mmoja wa Sola. Anauliza kama Bibi Hewa, yule wa karatasi za mvua, amekula."

"Mwambie amekula."

"Anauliza amekula nini."

"Wali na dagaa. Ana swali jingine, au nilale?"

"Analo, lakini anaogopa. Atauliza kesho."

Akauliza kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Mratibu wa mradi, Bwana Constantine, naye alikuwa amesikia habari za mnadani, akaona afadhali kijana yule apewe kazi ya kupeleka matangazo vijijini. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki pikapu ya bluu ilipita kumchukua Domitila, wakazunguka Sola, Lalago na vitongoji vyake kukagua vipima mvua vilivyowekwa mashuleni. Bujiku alimletea matobolwa aliyochemsha mama yake, viazi vitamu vikavu vilivyolainika na karanga, akawa anaendesha polepole kuliko barabara ilivyohitaji. Domitila alimwambia kwamba hata mikokoteni ya ng'ombe inawapita. Akajibu kwamba mkokoteni haujabeba kitu cha kuogopa kudondosha.

Siku moja ya Desemba, pamba imeota mashambani, mvua ya kwanza kubwa iliwakuta njiani. Waliegesha. Domitila akashusha kioo, akatoa mkono nje, akacheka kama mtoto. Bujiku hakuitazama mvua. Alimtazama yeye, akamwambia kwa sauti ndogo ambayo hakuna mnada uliowahi kuisikia:

"Domi, mimi nimekupenda. Sijui kuisema vizuri zaidi ya hapo."

"Mtu anayelipwa kwa kusema?"

"Hii hakuna aliyenilipa."

Domitila akarudisha mkono ndani, ukiwa umelowa, akaushika wa Bujiku. Walikaa hivyo mpaka mvua ilipokatika.

Mwishoni mwa Januari ofisi ilipokea taarifa kwamba upo uwezekano wa wastani wa mvua kubwa kwa siku tatu. Domitila aliandika tangazo fupi la kitongoji cha Mwangoli, kilichoko bondeni kando ya mto, jirani na Lalago. Watu wawe macho, lilisema, wafuatilie taarifa. Bujiku alipolipata alimpigia simu. Alisema maneno yale ni mepesi, watu wa Mwangoli hawatainua hata kuku. Akamsomea alivyotaka kutangaza yeye: mto unakuja, hameni leo. Domitila alikuwa na ripoti ya kumaliza, na alikuwa na furaha ya kuisikia sauti ile. Akacheka, akasema, "Wewe ndiye unawajua watu wako. Sema utakavyoona."

Bujiku akasema. Watu wa Mwangoli wakahama, familia nzima nzima, magodoro kichwani. Bibi mmoja mjane, Nyamizi, alibomoa paa la kihenge chake, akatoa mtama wote, akaupandisha kilimani kwa ndoo, safari baada ya safari. Siku ya kwanza jua. Siku ya pili jua. Siku ya tatu manyunyu ambayo hayakulowesha hata shuka lililoanikwa. Bibi Nyamizi alipitiwa na usingizi kwa uchovu, na mbuzi wa jirani wakala nusu ya mtama wake.

Mkutano wa kitongoji uliitishwa. Watu walikuwa na hasira, na baadhi walikuwa wamekwisha mpa Bujiku jina la Gharika. Bwana Constantine alisimama akasema mradi haukutuma ujumbe ule, mpiga matangazo aliuongezea chumvi. Kisha akamgeukia Domitila, akamwomba athibitishe mbele ya watu.

Bujiku alikuwa amesimama kando ya pikapu yake, kofia mkononi. Alimtazama Domitila bila wasiwasi, kwa sababu alijua atakalosema.

"Karatasi haikusema hivyo," Domitila akasema. Akaketi.

Lilikuwa neno la kweli. Lakini ile simu hakuitaja. Aliiwaza, ikafika hadi kooni, akakumbuka kwamba mkataba wake ulikuwa wa majaribio, akaimeza. Alipoinua macho, Bujiku alikuwa amekwisha vaa kofia na anawasha gari.

Alimpigia jioni ile, simu ikaita hadi ikakatika. Alimpigia siku nne. Ya tano ukaja ujumbe mmoja: *Sikukasirika kwa kuitwa Gharika. Niliumia kwamba ulikuwepo.* Baada ya hapo alisikia kwamba Bujiku anatangaza harusi huko Maswa, na kwamba amekataa kazi zote za mradi.

Domitila alikonda. Alikuwa amepanga chumba kwa mama mmoja mcheshi aitwaye Specioza, muuza vitenge, ambaye kwanza alimpikia mlenda, kisha akamsimulia vichekesho, mwisho akamuuliza waziwazi nani kamkosea. Domitila akamweleza yote. Mama Specioza alisikiliza huku akikunja vitenge vyake, akasema kwamba katika habari ile yote hajasikia aliyemkosea Domitila.

Usiku ule Domitila alilia, na asubuhi akaandika barua. Alieleza kwamba ile simu ilipigwa, kwamba aliruhusu tangazo libadilishwe, na kwamba kosa ni lake. Akampelekea Bwana Constantine kwa mkono wake. Mratibu aliisoma mara mbili. Alimkaripia kweli kweli, tena kwa haki, lakini hakumfukuza. Alisema hata yeye alikuwa na haraka ya kutafuta wa kulaumiwa.

Jumapili iliyofuata, watu wa Mwangoli walipotoka kanisani, Domitila alisimama mbele yao akayarudia yale yale. Hakuwa na karatasi. Kisha akavua viatu akaingia uani kwa bibi Nyamizi, wakakandika kihenge pamoja hadi alasiri, na aliondoka akiwa na tope hadi kwenye nyusi. Bibi alimsindikiza hadi njiani. Alipobaki peke yake aliazima simu ya mjukuu wa jirani, akampigia Bujiku.

"Mwanangu, yule binti amekuja. Amesema mbele ya kanisa zima kwamba kosa ni lake."

Bujiku akashukuru kwa upole, wabeja mayu, akakata. Usiku akatoa namba ya Domitila, akaitazama, akairudisha simu mfukoni. Alikuwa bado na kiburi kidogo, na aibu pia, maana alijua ni yeye aliyeugeuza uwezekano kuwa uhakika.

Machi mvua zilikuja kwa nguvu. Udongo ulikuwa umeshiba, malambo yamejaa, na Jumatano moja asubuhi taarifa ikafika ofisini kwamba mvua kubwa sana inanyesha upande wa juu wa mto na nyingine inakuja. Safari hii uwezekano ulikuwa mkubwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, simu za Mwangoli nyingi zimezima. Domitila hakufikiri mara mbili. Akapiga, na mlio wa pili haukumalizika.

"Nakusikia," alisema Bujiku.

"Sikupigii kwa ajili yangu. Mwangoli inahitaji spika zako."

"Nisomee ilivyoandikwa."

Akamsomea. Bujiku akamwomba arudie, na Domitila akasikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Sitaongeza hata nukta," alisema. "Lakini Domi, hawataniamini mimi peke yangu. Panda gari."

"Nitasimama pembeni yako."

"Haya. Nakuja."

Saa saba mchana pikapu ya bluu iliingia Mwangoli. Bujiku alisoma polepole, neno kwa neno. Akasema pia kwamba Januari aliwatisha kupita kiasi, na leo anawasomea kilichoandikwa tu. Kila aliposita, Domitila alichukua maikrofoni akaeleza: katika miaka kumi yenye dalili kama hizi, minane mto hutoka. Watu walikaa milangoni wakitazamana. Mmoja akacheka. Ndipo bibi Nyamizi alipotoka na tenga la kuku kichwani, akampita yule aliyecheka bila kumtazama, akashika njia ya shule kilimani. Nyuma yake akatoka jirani yake, kisha wa tatu, na mara njia nzima ikawa watu, mbuzi na sufuria. Vijana waliswaga ng'ombe kuwapeleka kwenye ngitili ya juu, malisho yaliyotengwa kwa siku za shida. Bujiku alienda na kurudi mara tisa kubeba wagonjwa na wazee.

Kesho yake mchana mto ulitoka. Walisimama kwenye uwanja wa shule wakauona ukipita kati ya nyumba zao, mwekundu, umebeba milango na vigogo. Nyumba kumi na moja zilianguka. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Thomasi, alihesabu watu wake mara tatu, na mara zote tatu walitimia. Alipomaliza alikaa chini kwenye ngazi ya darasa akalia kwa furaha, na hakuna aliyemcheka.

Domitila alimkuta Bujiku nyuma ya jiko la shule, shati limemganda mwilini, anakoroga uji kwenye pipa. Kofia yake ya pama alikuwa ameifunikia kifaranga cha bibi Nyamizi.

"Bujiku, nilinyamaza ilipotakiwa niseme. Nisamehe."

"Na mimi nilisema ilipotakiwa ninyamaze." Aliendelea kukoroga. "Miezi miwili hii nimetangaza harusi saba. Kila nikimtaja bibi harusi nilikuwa nalitaja jina lako kichwani. Moja nusura nikosee kweli. Wangenipiga."

Domitila akacheka, machozi yakamtoka hapo hapo.

"Nataka kutuma wazee kwenu Nyalikungu," Bujiku akasema. "Unakubali?"

"Koroga, uji unaungua."

"Unaungua, ndiyo. Unakubali?"

"Nakubali, mpenzi. Tangu Desemba."

Mradi ulibaki Mwangoli miezi mitatu ukisaidia watu kujenga upya, safari hii juu kidogo, mbali na mto. Juni, pamba ilipoanza kuchumwa, wazee wa Sola walifika Nyalikungu kwa baba yake Domitila. Hawakuja mikono mitupu. Mitamba miwili myekundu ilishushwa kwenye lori ikafungwa kwenye uzio. Mazungumzo yalikuwa marefu. Mwalimu yule mstaafu aliuliza habari za ukoo, za kanisa, za hiyo kazi ya spika kama ni kazi, akajibiwa kwa adabu kila swali. Mwisho akamwita binti yake sebuleni. Domitila aliingia na gauni la bluu lenye mikono ya kamba, mtandio mabegani, macho chini kama mama yake alivyomwelekeza.

"Mama," baba alimwambia, "wageni hawa wanasema wanakujua. Hao ng'ombe wao tuwafungulie zizi, ama warudi nao Sola?"

Domitila akainua macho. Bujiku, aliyeketi mkekani mwishoni kabisa, alikuwa ameikumbatia kofia yake ya pama kwa mikono miwili.

"Wafungulie, baba," alisema Domitila. "Wametoka mbali, na wana kiu."

Mama yake hakusubiri mzee aitikie. Vigelegele vyake vilitoka hadi barabarani, na majirani wakaanza kuingia wenyewe, mmoja mmoja, wakiuliza wabebe nini na wasaidie wapi.